Tulihama na Kinanda Chetu

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimepiga kinanda katika kigango kimoja kilichoko kati ya Ifakara na Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa. Jina la kigango sitalitaja, maana yaliyotupata sisi yamevipata vijiji vingi vya bondeni, na ushuhuda huu ni wa watu wa huko pia. Namshukuru Mungu, na nawashukuru watu walioshika misumeno, miswaki na sindano za kushonea magunia. Bila wao nisingekuwa na la kusimulia.

Anayelijua Bonde la Kilombero anajua kwamba kwetu maji si mgeni. Mto unapokea maji ya Udzungwa upande mmoja na ya nyanda za Mahenge upande wa pili. Lumemo, Ruipa, Mngeta na Kihansi yote hushuka kuja kwetu, na kila masika bonde hugeuka ziwa. Mpunga wetu unatokana na maji hayo hayo, kwa hiyo hatuyalaumu. Lakini masika ya mwaka 2024 yalikuja juu ya mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023, na ardhi ilikuwa imekwisha kushiba. Mwezi Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua na mafuriko. Katika kwaya yetu alikufa mmoja, kijana wa besi, aliyerudi nyumbani usiku kufungua mbuzi wa mama yake.

Nyumba yangu ilikuwa ya matofali mabichi. Iliyeyuka. Magunia ya mpunga yalichukuliwa, vyeti vyangu vya ualimu vililowa, na madaftari ya nyimbo niliyoyanakili nota kwa nota tangu ujana wangu yakawa uji. Kaka yangu alinichukua Ifakara mjini, akanipa chumba, na wifi yangu alinitunza kama mtoto. Wala sikuwa na njaa. Lakini kila mvua ilipogonga bati, hata manyunyu, moyo ulinienda mbio, nikaamka saa tisa usiku nikaanza kukunja nguo na kuzitia mfukoni, tayari kukimbia. Jumapili nilikwenda misa, nikaketi nyuma, na wimbo ulipoanza koo lilifunga. Mtu aliyeimba na kuimbisha maisha yake yote akakosa sauti. Daktari hakuona ugonjwa. Padre aliniambia nisijilazimishe. Kwaya yenyewe ilikuwa imetawanyika: wengine Mang'ula, wengine Mlimba, wengine kwa ndugu zao Dar es Salaam.

Hapo ndipo katekista aliponipigia simu.

“Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.”

“Milele, amina. Habari za huko?”

“Tunaendelea kidogo kidogo. Mwalimu, kuna kijana wa chuma chakavu amefika. Ameambiwa ndani ya kinanda mna shaba. Anataka kukichukua leo, atalipa kwa kilo.”

Nikamuuliza wazee wa kigango wamesemaje. Akasema baadhi yao wameona heri kiende, fedha yake iwe mwanzo wa kununua kinanda cha umeme. Kanisa la zamani lilikuwa limekwisha kuamuliwa kubomolewa, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kinahamia juu, karibu na njia ya reli ya TAZARA, na hakuna aliyeona sababu ya kubeba sanduku lililojaa tope.

“Mwambie hakiuzwi,” nikamjibu. “Kesho nakuja.”

Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba kijiji kimepoteza vya kutosha.

Niseme kinanda chenyewe ni cha namna gani. Ni kinanda cha kukanyaga, ambacho wengine hukiita harmonia: mpigaji huvukuta upepo kwa miguu miwili huku mikono ikiwa kwenye vibao. Kinanda cha mabomba, kile cha makanisa makuu ya Ulaya, katika nchi yetu ni cha kuhesabu. Unguja kiko kimoja, katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Kilitengenezwa na kiwanda cha Henry Willis cha Uingereza. Bomba lililo wazi la do ya chini kabisa ya vibao lina urefu wa karibu mita mbili na nusu, na kila sauti inadai bomba lake, na yote yanadai masanduku ya upepo na mivukuto ya ngozi. Huwezi kuyapitisha hayo bondeni kwa mtumbwi. Ndiyo maana wamisionari walibeba harmonia, aina ambayo Mfaransa Alexandre Debain aliiandikishia haki ya uvumbuzi mjini Paris mwaka 1842. Badala ya mabomba, sauti inatoka kwenye ndimi nyembamba za shaba ya njano zinazotetemeka upepo unapopita. Watu wanne wanakibeba. Chetu kina noti 61 na ndimi mbili kwa kila noti, jumla ndimi 122.

Mapadre Wakapuchini na masista wa Baldegg, wote kutoka Uswisi, walifika upande wetu wa nchi mwaka 1921. Wazee husema kinanda kililetwa na mmoja wao kabla ya Uhuru, kikavushwa mto kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Mimi nilifundishwa kukipiga na sista mmoja aliyekuwa akiniwekea sarafu juu ya kila kiganja. Ikianguka, tunaanza upya. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ngoma na kayamba ziliingia kanisani. Hati ya Liturujia ya mwaka 1963 ilikipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, na papo hapo ikafungua mlango kwa ala nyingine zinazofaa ibada. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika mwenzetu, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwetu harmonia na ngoma vilizoeana mapema. Nimeolewa mbele ya kinanda hicho, na mume wangu amezikwa kwa wimbo wake. Kukiona kinapimwa kwa kilo sikuweza.

Nilipofika nilikikuta nje, chini ya mwembe. Mlango wa nyuma ulikuwa umeng'oka na tope lilikuwa limekauka ndani, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya tope mlikuwa na mifupa ya perege. Vibao vilikuwa vimevimba vikashikana. Mvukuto ulikuwa umepasuka katika mikunjo yote. Kijana wa chuma chakavu alikuwa amekwisha kuchomoa ndimi chache kuonja uzito wake, akaziacha kwenye mfuko wa plastiki. Nilizihesabu. Zilikuwepo zote.

Mzee mmoja jirani, mfugaji wa Kisukuma ambaye si Mkatoliki, alitupa mkokoteni wake na ng'ombe wanne. Njia ya kupanda kwenda kijiji kipya ilikuwa bado utelezi, na magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli. Vijana walikifunga kinanda kwa kamba za mkonge, wakatembea pande zote mbili wakikishikilia, na mahali pabaya walikishusha, wakakibeba mabegani, wakakirudisha mkokotenini. Watoto walikuwa nyuma wakibeba vipande: pedali moja, kistendi cha kuwekea kitabu, fremu ya mlango. Walitembea kwa heshima kana kwamba ni maandamano ya Ekaristi. Tulikiweka katika banda la fundi seremala wa kijiji, ambalo wakati huo lilikuwa nguzo na turubai tu, maana naye karakana yake ilikuwa imekwenda.

Fundi alikizunguka muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi natengeneza vitanda na milango. Hiki sijawahi kukifungua.” Nikamwambia nami ninajua kukipiga tu. Tukaanza.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutofanya kitu. Wengi walitaka tukianike juani kikauke haraka. Fundi alikataa, na alikuwa sahihi: mbao iliyonyweshwa ikikaushwa kwa jua hupinda na kupasuka, na ubao wa kubebea ndimi ukipasuka, kinanda kimekufa. Kilikaa kivulini, upepo ukipita, mpaka mbao zilipoacha kutoa harufu ya mto. Wakati huo tulitoa ndimi. Kila ulimi umekaa ndani ya tundu lake kwa kubanwa tu, na hutolewa kwa kulabu ndogo. Kulabu yetu fundi aliitengeneza kwa spoki ya baiskeli, akiipinda ncha na kuinoa. Tulizipanga katika trei za mayai, shimo moja ulimi mmoja, na namba ya penseli pembeni, kwa sababu zikichanganyika hakuna mtu hapa angeweza kuzirudisha.

Kisha kusafisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini. Halafu unachukua ukanda wa karatasi nyembamba, unaupitisha kati ya ulimi na fremu yake, unavuta polepole, na punje ya mchanga iliyokuwa imejificha inatoka. Punje ambayo huioni kwa macho inatosha kuunyamazisha ulimi. Kazi hiyo tuliifanya wanawake. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, walikuja Jumamosi mmoja mmoja, kila mtu na mswaki wake, na tukiwa tumeinamia trei hizo watu walianza kusema mambo ambayo hawakuyasema tangu maji yaondoke: nani alishika tawi gani, nani alimwachia nani mtoto. Tulilia sana katika banda lile. Wengine tulicheka pia. Sikujua kwamba nilikuwa nahitaji kulia nikiwa na kazi mkononi. Mjini, kwa kaka yangu, nililia mikono ikiwa mitupu, na haikunisaidia.

Ndimi tisa zilikuwa zimekatika na nyingine zilikoroma. Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam na trei zangu nimezipakata, kwa kuwa binti yangu aliniambia mahekalu ya Wahindu huko hutumia harmonia hadi leo. Ni kweli. Kile cha kuvukuta kwa mkono, mtu akiwa ameketi chini, kilianzia Kolkata katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa kazi ya Dwarkanath Ghose, kikavuka bahari na Wahindi, na hata taarabu ya Mombasa ilikipokea. Niliulizia mpaka nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Kihindu anayevitengeneza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi. Niliposema Ifakara, akasema mafuriko aliyaona kwenye televisheni. Hakunidai fedha ya ufundi. Alinidai nikae nijifunze.

Alinionyesha hivi. Unaingiza kibati chembamba chini ya ulimi kuushikilia. Ukikwangua ncha yake, ncha inakuwa nyepesi na sauti inapanda. Ukikwangua karibu na shina, sauti inashuka. Kukwangua ni mara moja au mbili tu kwa kisu kikali, kisha unasikiliza, kwa sababu shaba iliyotoka hairudi. Ndimi mbili za noti moja zikipishana kidogo utasikia sauti inatikisika, inakuja na kuondoka. Unaendelea mpaka mtikisiko uishe. Tulipopima kwa programu ya simu, la ya kinanda chetu ilikuwa chini kidogo ya mitetemo 440 kwa sekunde inayotumika sasa. Mzee alisema vinanda vingi vya zamani ndivyo vilivyo. Ufaransa iliweka 435 kuwa kipimo mwaka 1859, na 440 ilikubaliwa kimataifa mwaka 1939. Akanishauri tusikipandishe. Kukipandisha ni kuzikwangua ndimi zote 122, kwa faida ya kulingana na vinanda vya umeme ambavyo havimo kanisani mwetu. Nilikubaliana naye, na bado naona lilikuwa shauri jema.

Ndimi zilizokatika alizifidia kwa za harmonia mbovu za Kihindi, akizipunguza kwa tupa mpaka zikaingia. Aliniambia pia tusitumie gundi nyeupe ya dukani kwenye mvukuto, ila gundi ya kuchemsha ngozi, ili fundi atakayekuja baada yetu aweze kuufungua kwa mvuke bila kuvunja mbao. Alikuwa akimfikiria mtu ambaye labda hajazaliwa.

Mvukuto tuliuvika ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa ikawa nyembamba. Mzee wetu wa Kisukuma alijua kuilainisha. Mikanda ya pedali ilikuwa imeoza, fundi akaiweka upya kwa mikanda ya usalama ya gari bovu lililokuwa gereji mjini Ifakara. Vitambaa vya chini ya vibao, ambavyo mende walivila kabla hata ya mafuriko, tulivikata kutoka blanketi la sufu. Mbao zilizopasuka upande zilipata mninga.

Siku ya kujaribu upepo, fundi alitaka mtu wa kukanyaga pedali huku yeye akisikiliza wapi panavuja. Mimi nilikuwa kwenye vibao, nikihitaji kusimama na kuinama kila mara. Mama wa yule kijana wa besi alikuwa ameketi kwenye gogo, kama alivyoketi kila Jumamosi, akisugua ndimi bila kusema neno. Aliinuka mwenyewe. “Nitakanyaga mimi,” akasema. Akavua kandambili. Akaweka miguu na kuanza polepole, kushoto, kulia, na ule mvukuto ulioshonwa kwa mikono yetu ukavimba ukashika. Nikabonyeza fa. Ikalia, nene, yenye pumzi, na chini yake ukasikia ngozi mpya inalia kidogo kama viatu vipya. Nikabonyeza noti za chini, zile ambazo mwanawe alikuwa akizitafuta kila alipopewa sauti. Hakuacha kukanyaga. Machozi yalimtoka na hakuacha. Nilipiga wimbo mzima, sauti ya besi peke yake, kisha nikaongeza nyingine, na wanawake waliokuwa bandani wakaanza kuimba. Nilikuwa katikati ya ubeti wa pili nilipogundua kwamba naimba nao.

Sijaamka saa tisa kukunja nguo tangu miezi ile ya karakana. Sisemi kwamba kinanda kiliniponya, aliyeniponya ni Mungu, na alitumia ngozi ya mbuzi, spoki, mzee wa Kihindu na mama aliyefiwa.

Kanisa jipya halijakamilika. Lina nguzo, bati, na kuta zilizofika kiunoni. Kinanda kiko ndani yake, juu ya jukwaa la mtiki. Mtiki tunao, kampuni imekuwa ikiupanda bondeni tangu miaka ya 1990, na fundi alipata vipande vya bei nafuu. Pembeni ameweka pete nne za chuma za kupitishia miti miwili: maji yakija tena, watu wanne watakiinua na kuondoka nacho kabla ya kitu kingine chochote kanisani ila Sakramenti. Noti mbili za juu bado hazilii vizuri wakati wa masika, mbao zikinywa unyevu. Wanakwaya kumi na wawili wamerudi. Kinanda cha umeme tutanunua pia, umeme ukitufikia, na nitafurahi vijana wajifunze vyote viwili.

Sasa nina ombi kwako, msomaji, hasa kama u mwanakwaya, katekista au mzee wa kanisa huko Ulanga, Malinyi, Mahenge, Songea au popote wamisionari walipoacha vinanda. Ingia sakristia uangalie nyuma ya mabenchi mabovu na mapipa. Ukikikuta, kiinue kutoka sakafuni, hata juu ya matofali manne. Fungua mlango wa nyuma, fukuza mende na panya, kiache kipate hewa. Kama maji yamekwisha kukiingia, kikaushe kivulini na usikikanyage mpaka kikauke. Usimruhusu mtu achomoe ulimi hata mmoja kabla hujaziandika namba zote. Na anayekuja na mizani, mrudishe. Mafundi wawili wa kijiji chetu sasa wanaijua kazi hii. Ulizeni parokia yoyote ya barabara ya Ifakara hadi Mlimba, mtaelekezwa kwetu, nasi tutakuja.